Tanuru la umeme la maabara halifiki nyuzi 950: naomba ushauri

Ndugu mafundi na wataalamu wa maabara, nawasalimu.

Tunatumia tanuru la umeme la kilowati 4.5, volti 230, kupima dhahabu katika sampuli za mawe. Hatua ya mwisho, ambapo metali ya risasi hunyonywa na vikombe vya majivu ya mifupa na kuacha punje ya dhahabu na fedha, huhitaji joto la karibu nyuzi 950 za Selsiasi. Siku hizi joto hupanda vizuri hadi kama 800, kisha hugota hapo, ingawa taa ya kidhibiti huonyesha kwamba umeme unapita muda wote.

Baada ya kuzima swichi kuu nilipima ukinzani wa koili, yaani waya unaopasha tanuru joto, nikapata omu 15.6, ilhali kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kibati ilipaswa kuwa karibu 11.8. Nashuku koili imechakaa, hasa kwa kuwa mvuke wa risasi hushambulia waya wake wa chuma, kromiamu na alumini. Lakini viungio vya nyaya navyo vimebadilika rangi, na kiungio kilicholegea huongeza ukinzani vilevile.

Je, kukaza viungio na kupima upya kwenye ncha za koili kunatosha kuamua kabla ya kununua koili mpya, ambayo si rahisi kupatikana? Kuhusu kihisi joto cha aina ya K, ambacho usomaji wake huhama kadiri kinavyozeeka, nafikiria kukihakiki kwa kipande cha alumini safi kinachoyeyuka nyuzi 660, kwa kuwa fedha huyeyuka 962, kiwango tusichokifikia sasa. Naomba aliyewahi kufanya hivyo anielekeze.