Mwajiri amfundishe mfanyakazi kujiajiri, au hiyo si kazi yake?

Wakuu, kazini kwetu tumebishana hili wiki nzima. Bosi kasema hawezi kugharamia mafunzo ya mtu atakayekuja kumfungulia karakana mbele ya geti. Nilichoshangaa ni kwamba nusu ya wafanyakazi walimuunga mkono. Mimi napinga.

Tuanze na pesa. Huku Tanzania Bara, mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi analipa SDL, yaani tozo ya kuendeleza ujuzi, kila mwezi. Julai 2023 ilishushwa kutoka asilimia 4 ya jumla ya mishahara hadi 3.5. (Analipa yeye, haikatwi kwako, usiitafute kwenye slipu.) Sehemu yake inaendesha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, sawa. Lakini fundi ambaye tayari yuko kazini anaambulia nini?

Jamaa yangu alichomelea kiwandani miaka 14. Wakapunguza watu, akachukua chake akafungua kibanda Buguruni. Kwa mkono, pale hakuna aliyemfikia. Geti la kwanza akapiga bei ya vyuma na rangi. Vijiti vya kuchomelea akasahau, mawe ya grenda akasahau, umeme wa luku akasahau, hata hela ya guta la kupeleka mzigo. Kufunga kazi, katoa elfu themanini mfukoni mwake. Geti la pili, hivyo hivyo. Mwezi wa saba tangu afungue, mashine ikauzwa.

Na kule kiwandani makadirio yalikuwa yanapigwa ofisini, hatua thelathini toka alipokuwa anachomelea. Miaka 14 hakuna aliyemwita aone.

Ndiyo maana zile semina za kufuga kuku, mtu kabakiza miezi mitatu astaafu, mimi hazinishawishi. Mwite fundi ofisini siku mnayokadiria kazi. Mpeleke VETA wampime ujuzi alioupatia kazini apewe cheti. Utaratibu huo upo. Kenya mwajiri anachangia NITA, mamlaka yao ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 za kwao kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na akisomesha watu wake kwa kufuata masharti anaweza kudai arudishiwe gharama. Sisi kwa nini mwajiri asirudishiwe kitu kwenye hiyo SDL?

Mwenye karakana ya watu 12 namwelewa. Akimtoa mmoja wiki nzima, mashine inalala na mteja anapiga simu. Huyo asibebeshwe mzigo peke yake. Ila hili la "ataniibia wateja" silikubali. Ataondoka tu, iwe kwa kupunguzwa au kwa miaka 60 kutimia. Akiondoka anajua kazi, kesho ndiye utakayempa oda ukizidiwa.

Waajiri mliopo, fundi wako akijua unavyopiga bei, unapungukiwa nini hasa? Na nyie mlioacha kazi mkafungua vyenu, mwezi wa kwanza mliangushwa na nini?