Guangzhou: nimpe muuzaji malipo ya awali?

Wakuu, habari zenu. Nimefuata mikoba ya duka langu la Kariakoo huku Guangzhou, China. Jiji ni kubwa mno, na hela taslimu karibu hakuna anayeitaka. Hata muuza maandazi ya mvuke anataka uskani kwa WeChat au Alipay, app zao za kulipia kwa simu. WhatsApp bila VPN (app ya kukwepa vizuizi vya mtandao) haifunguki. Pale mtaa wa Xiaobei angalau unakutana na Waafrika wenzako, roho inatulia.

Sasa, kwenye soko la ngozi la Baiyun kuna muuzaji anataka asilimia 30 kabla hajaanza kushona. Bei yake iko chini kuliko majirani zake wote, na hapo ndipo ninapoingiwa na shaka. Mliozoea huku, mtu kama huyu mnamkaguaje? Na mzigo ukienda kwa wakala wa meli, nani anahesabu mikoba kabla haijafungwa?