Hilux ya 1994 kwa safari za kulala porini: kipi kitangulie?

Mkazi wa Tegeta

Ndugu zangu, salaam. Mwezi uliopita nilinunua Toyota Hilux dabo kabini ya mwaka 1994, modeli ya LN106, yenye injini ya dizeli aina ya 3L (hilo ni jina la injini, si lita tatu), baada ya kuzunguka kwa muda mrefu nikitafuta gari ambalo fundi wa mji wowote anaweza kulifungua bila kompyuta. Nia yangu ni kulitumia kwa safari za kulala porini pamoja na mke wangu na watoto wetu wawili: tuanze na Saadani mwezi Julai, masika yakiwa yamepita, kisha Septemba twende Ruaha kwa kupitia Iringa. Nimetenga shilingi milioni saba, na fedha hiyo haitaongezeka mwaka huu.

Fundi niliyempata mtaa wa Gerezani hapa Dar es Salaam ananishauri nianze kwa kulinyanyua gari inchi nne, nifunge tairi za inchi 33, keria kubwa juu ya paa, mkonga (bomba linaloivutia injini hewa kutoka juu ya maji) na taa za ziada. Ameahidi pia kunitolea thamostati, ile valvu inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, ili gari lisichemke, kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto na kifaa hicho kiliwekwa kwa ajili ya Wazungu wenye baridi. Mimi si fundi, lakini kuna mambo matatu yananitia shaka. Mshale wa joto hutulia katikati nikiwa kwenye foleni ya Mwenge, ila hupanda ninapokwenda kilomita 90 kwa saa nikiwa na mzigo katika barabara ya Morogoro. Nyuma ya gurudumu la mbele la kulia kuna utelezi mweusi unaonata mithili ya uji wa ulezi ulioungua. Tena muuzaji hakuwa na kumbukumbu yoyote ya lini mkanda wa taiming, ule unaoziendesha valvu za injini, ulibadilishwa. Naomba mnisaidie kupanga: kipi kitangulie, na kipi kisubiri?

Fundi Mstaafu, Ilala

Ndugu wa Tegeta, hongera kwa gari. Injini za 3L nimezifungua kwa miaka mingi, na kinachoziua mara nyingi ni joto. Kwa hiyo nitaanza hapo, na nitakaa hapo kwa muda.

Usikubali thamostati itolewe. Kazi yake haiishii kuchelewesha maji mpaka injini ipate joto lake. Katika injini nyingi za Toyota, thamostati inapofunguka kwenda kwenye rejeta, sahani yake ya upande wa pili huifunga njia ya mkato inayoyarudisha maji moja kwa moja kwenye injini. Ukiitoa, njia hiyo hubaki wazi siku zote, na sehemu ya maji hurudi injini bila kuonana na rejeta. Mjini hutaona tofauti, na pengine utamsifu fundi wako. Mlimani ndipo utakapojua. Yalinikuta mimi mwenyewe nikiwa kijana, na gari langu lilikuwa limetolewa thamostati na gereji moja ambayo sitaitaja: nilipanda mlima Kitonga, wa njia ya Iringa, nikiwa na mzigo wa vitunguu, mshale ukaanza kupanda kwenye kona za katikati, nikajipa moyo kwamba juu si mbali, na nilipofika juu silinda hedi ilikuwa imekwisha kupasuka. Nililala kando ya barabara usiku mbili nikinuka vitunguu. Wewe utapita mlima huo huo ukiwa na watoto.

Sasa tuuangalie mshale wako. Gari linalochemka kwenye foleni na kupoa likikimbia huwa na tatizo la feni, kwa sababu likikimbia upepo hufanya kazi ya feni. Lako ni kinyume, maana yake feni inavuta, ila rejeta haiwezi kutoa joto lote ambalo injini inazalisha ikibeba mzigo. Nina hakika kubwa kwamba vijia vyake vimeziba, na kwa Dar es Salaam sababu yake inajulikana: watu huongeza maji ya kisima, ambayo katika maeneo mengi ya mji huu yana chumvi, na chumvi hiyo huganda ndani kama ukoko wa birika. Ipeleke rejeta kwa fundi rejeta, aitoe sahani za juu na chini, aizibue kwa fito na si kwa kuipulizia maji tu, kisha ujaze kulanti (dawa ya kupoza injini) iliyochanganywa na maji yaliyochujwa ya kuongezea betri, si tindikali. Badilisha na kifuniko chake. Watu hukidharau, lakini kifuniko kinachoshikilia mgandamizo wa 0.9 ba huyafanya maji yasichemke mpaka yakaribie nyuzi 118, ilhali kilicholegea huyaacha yachemke kwenye nyuzi 100 kama sufuria ya jikoni.

Mkanda wa taiming hubadilishwa kila kilomita 100,000, na kwa kuwa hakuna kumbukumbu, hesabu kwamba umekwisha. Taa ya T-BELT kwenye dashibodi isikufariji, kwani huhesabu kilomita tu wala haiuoni mkanda, na wauzaji wengine huitoa balbu yake. Mkanda ukikatika, valvu hugongana na pistoni, na milioni zako saba zitaishia hapo. Ukifungua, badilisha pamoja na beringi yake ya kukazia na sili za mbele, maana gharama ya kufungua ni ile ile.

Ule uji mweusi ni grisi ya kiungo cha ekseli ya mbele iliyochanganyika na oili ya difu, yaani ya gia za katikati ya ekseli, kwa sababu sili ya ndani ya ekseli imekufa. Gari linaweza kutembea hivyo kwa muda mrefu, lakini kiungo kinakosa grisi yake na difu inakosa oili yake. Fungua pande zote mbili, osha, weka sili mpya, beringi zikaguliwe, na ujaze grisi nyeusi yenye molibdenamu.

Kuhusu kunyanyua, inchi nne ni nyingi mno. Springi zako bila shaka zimelala kwa miaka thelathini ya mizigo. Seti mpya ya springi na shokapu nzuri itakurudishia kimo cha awali na kukuongezea inchi moja au mbili, na hiyo inatosha Saadani na Ruaha. Lakini hata kwa inchi mbili, kuna fimbo nyembamba karibu na ekseli ya nyuma inayoiunganisha ekseli na valvu ya breki iliyoko kwenye chesesi. Gari likipakiwa, chesesi hushuka, fimbo huisukuma valvu, na breki za nyuma hupewa nguvu zaidi. Ukilinyanyua gari bila kuirekebisha fimbo hiyo, valvu hudhani gari ni tupu na kuzinyima breki za nyuma nguvu wakati umebeba familia nzima. Muulize fundi wako kuhusu fimbo hiyo kabla hajashika spana. Akishangaa, tafuta mwingine.

Mama Mahema, Kigamboni

Shikamoo Fundi. Naongezea mahali alipoishia mzee wetu, kwa sababu sisi tumekuwa tukisafiri na gari kama hilo kwa miaka tisa na makosa yetu yote yalianzia kwenye uzito.

Kaka wa Tegeta, kabla hujanunua keria kaa chini na kalamu. Maji lita 60 ni kilo 60. Jerikeni mbili za dizeli za lita 20 ni kilo 34 za mafuta pekee. Hema la juu ya paa laweza kufika kilo 60, na keria ya chuma karibu kiasi hicho hicho. Nyinyi wanne, chakula, mtungi wa gesi, tairi ya pili ya akiba, vyombo, na lile sanduku la spana ambalo mume wangu hubeba lote hata tukienda Bagamoyo kula samaki. Mwishowe gari limefika mwisho wa uwezo wake kabla ya mtu yeyote kusema "tumesahau magodoro." Jumlisha, kisha ulinganishe na uzito ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Sisi tulipakia kila kitu kama siku ya safari, tukalipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu wenye mizani ya magari, wakatupimia kwa hisani. Tuliporudi nyumbani tulishusha hema la paa na kuliuza wiki hiyo hiyo. Sasa tunalala katika hema la chini, na vitu vizito, hasa maji, vinakaa kwenye bodi mbele ya ekseli ya nyuma. Gari halitikisiki tena kwenye kona kama mlevi anayetafuta mlango.

Jambo la pili ni umeme. Friji ya volti 12 huvuta ampea 4 hivi inapofanya kazi, na kwa joto letu hufanya kazi nusu ya muda au zaidi, kwa hiyo itakula karibu ampea 50 za saa kwa siku. Betri ya kawaida ya ampea 100 za saa haipaswi kushushwa chini ya nusu, hivyo siku moja imekwisha. Funga betri ya pili yenye swichi ya kuitenga, ili ya kuwashia isiguswe, na uweke fyuzi karibu kabisa na betri. Waya mrefu usio na fyuzi unaosuguana na bati la bodi ni moto unaosubiri siku yake. Kama fedha haitoshi mwaka huu, nunua kasha zuri la barafu. Samaki wa Feri wamefika nalo Mikumi wakiwa wazima.

Dereva wa Rufiji

Nakubaliana na waliotangulia, isipokuwa nina neno kuhusu tairi na mkonga.

Ikiwa gari bado lina tairi za 205R16, kupanda hadi inchi 33 kutaongeza kimo cha tairi kwa asilimia 13 hivi. Injini hiyo ina nguvu za farasi 90 tu, tena haina taribo, kwa hiyo utajikuta ukipanda Kitonga kwa gia ya pili, na spidomita itasema 80 ilhali unakwenda 90. Mimi ningechagua 235/85R16, ambazo ni ndefu kiasi na nyembamba. Udongo wa mbuga ukilowa, kama ule wa njia za ndani za Saadani au kati ya Kibiti na Mloka, tairi nyembamba hukata tope la juu na kutafuta ardhi ngumu, wakati pana huelea na kuteleza. Kwenye mchanga punguza upepo hadi 18 psi, endesha polepole bila kukata usukani kwa ghafla, na ujaze tena kabla ya lami. Pampu ndogo ya upepo ifungwe moja kwa moja kwenye betri, kwani plagi ya kuwashia sigara itakata fyuzi.

Mikonga mingi inayofungwa mjini ni pambo. Jaribio lake ni rahisi: washa injini ikiwa katika mlio wa chini, kisha ziba mdomo wa mkonga kwa kiganja na kipande cha mpira. Injini ikizimika, viungo vimekaza. Ikiendelea kuunguruma, kuna mahali inapovuta hewa, na mahali hapo hapo itavuta maji, nayo maji ndani ya silinda ya dizeli hupinda koniroda, ule mkono unaoshika pistoni, kwa pigo moja. Tena, wale wanaofundisha kwamba mtu atangulie kwa miguu kupima kina cha mto hawajaufikiria Wami wala Rufiji. Mito hiyo ina mamba na viboko. Ukiona kivuko kimejaa, rudi au subiri.

Kwa kunasuka, beba sepetu, ubao wa kuweka chini ya jeki, na kamba ya kuvutia yenye kufungwa kwenye kulabu zilizokazwa kwa bolti kwenye chesesi. Kamba isifungwe kamwe kwenye ile boli ya kuvutia trela, kwa sababu ikikatika huruka kama risasi.

Mkazi wa Tegeta

Nawashukuru sana, Mzee, Mama na Ndugu. Rejeta imefunguliwa jana, na kweli, zaidi ya theluthi ya vijia vyake vilikuwa vimejaa ukoko mweupe. Fundi wa Gerezani nimeachana naye kwa amani, baada ya kumuuliza kuhusu ile fimbo ya breki akanijibu kwamba huwa anaifunga kwa waya. Keria na tairi vimesogezwa hadi mwakani. Ila leo, tulipochungulia difu ya nyuma kwa kidole, oili ilitoka na rangi ya chai ya maziwa. Je, difu imekufa?

Fundi Mstaafu, Ilala

Haijafa, ila imekunywa maji. Difu iliyopata moto wa safari ikiingia mtoni hupoa ghafla, hewa ya ndani hunywea, na ikiwa kipumulio kilicho juu ya ekseli kimeziba kwa tope, hewa hutafuta njia kwenye sili na kuvuta maji. Mwaga oili yote, jaza ya bei nafuu, endesha kilomita 50 hivi, mwaga tena, ndipo ujaze ile nzuri ya gia, ya daraja la GL-5. Kisha toa vile vipumulio viwili, cha mbele na cha nyuma, uviunganishe na mpira wa mafuta na kuupandisha hadi juu ndani ya boneti na nyuma ya taa ya bodi. Ni kazi ya saa mbili na fedha ndogo, nami ningeifanya kabla ya huo mkonga. Kagua sumaku ya kizibo pia: unga wa chuma ni uzee wa kawaida, lakini vipande vinavyoshikika kwa kucha ni meno, na hapo uje tuongee upya.

Na wakati wa kumwaga, legeza kwanza kizibo cha juu cha kujazia, ndipo ufungue cha chini. Nimewaona wengi waliomwaga oili yote, kisha wakakuta cha juu kimeng'ang'ana kwa kutu.