Naomba ushauri: Linux ya skuli, mtu akihariri faili ifunguke nano au Vim?

Kijana_wa_Bandarini
Asalaam aleikum. Natengeneza Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta (chini ni Debian, aina mojawapo ya Linux), ya kompyuta 18 za skuli moja Pemba. Mashine kongwe, RAM megabaiti 512, kwa hiyo hakuna madirisha wala mausi, ni maandishi matupu. Walimu nimewawekea amri moja, "hariri". Sasa akiiandika, ifunguke edita ipi, yaani programu ya kuandikia: nano au Vim? Siku ya nne silali. Nataka uamuzi kabla ya Ijumaa.

Pweza_wa_Nazi
Nano. Njia ya kutoka imeandikwa pale pale chini, ^X, yaani Ctrl na X. Hata Fedora, Linux nyingine, walihamia nano kwenye toleo lao la 33, mwaka 2020. Mtu anaandika amri nyingine, git commit ya kuhifadhi kazi yake, edita hakuiomba, mara yumo ndani ya vi, mama yake Vim, na mlango haujui. Uzi ufungwe.

Karafuu_Mbichi
Ufungwe na nani yakhe? Vi ya Bill Joy ipo tangu 1976 na utaikuta mpaka kwenye rauta. Anayeijua hapotei kwenye seva ya mtu. Mie nilijifunza wakati ule Unguja tumekaa gizani, Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Nilikuwa na jamaa yangu mwenye jenereta, petroli tunachanga, kila dakika ni pesa. Vi ni kibodi tu, mkono kwenye mausi ni hasara! Nyie Pemba mlikuwa na majenereta yenu mkitucheka. Siku moja petroli ikaisha mie nimo katikati ya barua ya kuomba kazi...

Pweza_wa_Nazi
Kazi ulipata?

Karafuu_Mbichi
Sikupata. Lakini vi naijua.

Bi_Shangazi
Wanangu, mie hizo nano na vimu sizijui. Nauliza tu, hao walimu wenyewe wameulizwa? Mnamchagulia mtu mke, naye yupo ukumbini anawasikia.

Kijana_wa_Bandarini
Shangazi, walimu hawana neno. Watazoea.

Mtu_wa_Mkoani
"Watazoea" kitu gani, na wewe bado unauliza? Hebu sema kweli. Ushaweka.

Kijana_wa_Bandarini
Nipo kwenye maandalizi.

Mtu_wa_Mkoani
Ushaweka.

Kijana_wa_Bandarini
Haya. Nimeshaweka, wiki ya pili hii. Vim peke yake. Nano niliiondoa kwa mkono wangu ili wasipate pa kukimbilia. Mie nisharudi Unguja. Juzi maalim mkuu alitaka kusahihisha orodha ya watoto, akaingia, kutoka akashindwa, akachomoa waya ukutani. Anasema majina 43 yamepotea. Na huyo maalim ndiye baba wa binti ninayemtaka. Wazee wangu wanakwenda kuposa Ijumaa.

Lakini sikukosea. Aliyeitengeneza Vim, Bram Moolenaar, alikwenda mwenyewe kujitolea Kibaale, Uganda, na mpaka leo ukiifungua bila faili inakuomba uwasaidie watoto wa huko. Ni edita yenye utu.

Pweza_wa_Nazi
😂😂😂 Kumbe "kabla ya Ijumaa" ndiyo hiyo! Mtu anatuuliza edita kumbe anatafuta mke.

Bi_Shangazi
Hapana kucheka. Mtu mzima kafungiwa mlango mbele ya wanafunzi wake. Umempigia simu kumtaka radhi?

Kijana_wa_Bandarini
Naona haya.

Mkorofi_wa_Michenzani
Mie hadithi hii siiamini. Ukichomoa waya, faili lililokuwepo kwenye diski linabaki lilivyokuwa, maana Vim haiandiki juu yake mpaka uiambie :w, yaani hifadhi. Na hayo aliyosahihisha huwa yamo kwenye faili la akiba, .swp, pembeni. Majina 43 yanapoteaje? Mtunzi umetunga posa, umesahau kutunga kompyuta.

Karafuu_Mbichi
Kweli kabisa. Na mie nishasimulia siri zangu za 2009 humu bure.

Kijana_wa_Bandarini
Wallahi sijatunga. Mie niko Unguja, yeye kasema kwa simu "yamepotea", nami ningembishia? Pengine tangu siku ile hajaiwasha.

Mkorofi_wa_Michenzani
Basi mwambie aiwashe, aandike vim -r kisha jina la faili, ayarudishe. Akimaliza, Esc, nukta mbili, wq, yaani hifadhi utoke.

Pweza_wa_Nazi
Amwambie baba mkwe kwenye simu "bonyeza nukta mbili, mzee"? Posa itarudi kabla haijapanda boti.

Fundi_Asiye_Haraka
Nimesoma wote. Ugomvi huu hauna sababu. Debian ya kawaida inakuja na nano na vim-tiny, Vim ndogo, pamoja, hakuna aliyekutaka utoe moja. Rudisha nano, amri yako ya "hariri" iite editor, yaani edita iliyoteuliwa kwenye mashine, halafu uteue kwa update-alternatives --config editor, chagua nano. Vim ikae, anayeitaka ataiita kwa jina. Ila sikuelewa kitu kimoja, kwa nini uliitoa?

Kijana_wa_Bandarini
Nilitaka aone kwamba mie ni fundi.

Bi_Shangazi
Kaona.

Kijana_wa_Bandarini
Nimekata tiketi ya boti ya kesho. Nano naibeba kwenye flashi, kule intaneti hamna. Lakini Vim siitoi, nasema mapema.

Bi_Shangazi
Usende mikono mitupu. Chukua na halua.

Mtu_wa_Mkoani
Halua aipeleke Pemba? Shangazi!