Karakana ya mafuta ya nazi Jomvu: tuanze na bima ipi?

Mkamuaji wa Jomvu:
Assalamu alaikum, ndugu zangu. Mimi na mke wangu tunakamua mafuta ya nazi katika karakana ndogo hapa Jomvu, Mombasa, tukiwa na wafanyakazi sita, mashine mbili na ghala la mbata, yaani nazi zilizokaushwa. Benki iliyotukopesha ilitutaka tukate bima ya moto, nasi tukaikata kwa shilingi 2,000,000, kiasi kile kile cha mkopo. Juzi kijana wetu mmoja nusura anaswe mkono na mashine, na tangu siku hiyo sipati usingizi. Je, bima hiyo inatosha?

Wakala wa bima, Changamwe:
Wa alaikum salaam, ndugu yangu. Haitoshi, na uanze na wafanyakazi kabla ya kitu chochote. Bima ya moto haimhusu kijana huyo hata kidogo, ilhali Sheria ya Kenya ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo wengi huiita WIBA, inamlazimu mwajiri kuwakatia bima watu wake. Mfanyakazi akifariki au akipata ulemavu wa kudumu, fidia yaweza kufikia mapato yake ya miezi 96. Kwa anayelipwa 20,000 kwa mwezi hiyo ni shilingi 1,920,000, karibu sawa na mkopo wako wote.

Pili, mkopo si kipimo cha mali. Ikiwa mashine na mbata zako zina thamani ya 4,000,000, umezikatia bima nusu tu, na kampuni itaigawa hasara kwa uwiano huo: moto ukiteketeza mali ya 800,000, utalipwa 400,000, na huenda benki ikawa ya kwanza kuzipokea.

Mama Sabuni, Likoni:
Kaka, naongeza jambo lililoniumiza mwenyewe. Maji ya mvua za masika yaliingia ghalani mwangu yakaharibu magadi na mafuta, nami nilipodai fidia nikaonyeshwa kwamba hati yangu ilitaja moto na radi pekee. Mafuriko yalihitaji kuongezwa kwa malipo kidogo tu, na hakuna aliyenieleza. Mota ikiungua kwa hitilafu ya umeme, hiyo nayo huwa na bima yake. Tena usiifiche kampuni ya bima kwamba unahifadhi mbata, kwa maana zikirundikwa kabla ya kukauka vizuri huweza kupata joto zenyewe hadi zikawaka, na jambo kama hilo likifichwa kampuni yaweza kukataa kulipa.

Mkamuaji wa Jomvu:
Ahsante sana, dada, na wewe ndugu wakala. Mbata zetu hujaa ghala msimu wa mavuno kisha zikapungua. Nihesabu thamani ya wakati gani?

Wakala wa bima, Changamwe:
Ya wakati ghala limejaa kabisa. Kesho zihesabu mashine kwa bei ya kununulia nyingine leo, lakini bima ya wafanyakazi usiicheleweshe kwa kusubiri hesabu hiyo.