Mjadala: Chico Ejiro aliijenga Nollywood au aliiharibu kwa haraka zake?

Wakuu, habari za jioni. Juzi tulikuwa tunajadili kwa nini muvi za Bongo zimepoteza soko, mdau mmoja akasema ugonjwa huu tumeambukizwa na Wanaijeria, hasa madairekta wa aina ya Chico Ejiro waliokuwa wakifyatua muvi kama matofali. Neno hilo limenikaa moyoni. Silikubali, na naomba tulijadili kwa hoja.

Kwa wasiomfahamu: Chico alikuwa mtu wa Isoko, jimbo la Delta, Nigeria. Alisomea kilimo, kisha akaingia kwenye video. Nduguye Zeb Ejiro naye ni dairekta mwenye jina kubwa. Chico alibandikwa jina la Mr. Prolific, kwa sababu ndani ya miaka 5 aliongoza muvi zaidi ya 80. Piga hesabu mwenyewe: hiyo ni zaidi ya muvi moja kila mwezi, miaka mitano mfululizo. Alifariki siku ya Krismasi, 2020.

Swali langu ni hili: haraka ile ilitoka wapi? Naira, pesa ya Nigeria, ilikuwa imeporomoka, mikanda ya milimita 35 ya kushutia muvi za sinema haikamatiki kwa bei, watu wa Lagos wanaogopa kutoka usiku, majumba ya sinema yanafungwa. Mwaka 1992 mfanyabiashara Kenneth Nnebue akatoa Living in Bondage kwenye kanda za VHS, ikauzika sana. Tangu hapo mwenye pesa akawa msambazaji wa sokoni, kule Idumota, soko la Lagos, na kwingineko. Huyo anatoa mtaji mdogo na anataka mzigo upesi, maana maharamia wakishaidurufu kanda, mauzo yamekwisha. Dairekta ambaye angekaa miezi sita akinyoosha skripti angeishia kwenye madeni. Mfumo huo Chico hakuutunga yeye. Aliuelewa tu kuliko wenzake wengi.

Ubovu ulikuwepo, siufichi. Muvi nyingi za zama zile sauti inakwaruza, na hadithi inavutwa kama mpira ili ipatikane “pati tu”, yaani sehemu ya pili. Nimekaa kwenye vibanda vya video nikiwa kijana, nikakereka sana muvi inapokatika pale pale utamu ulipofika.

Lakini mtazameni Silent Night ya 1996. Ni hadithi ya majambazi wenye silaha, iliyotoka wakati Nigeria iko chini ya utawala wa kijeshi na raia wanalala kwa hofu. Segun Arinze aliigiza humo kama Black Arrow, na jina hilo likamganda mpaka leo. Mtazamaji wa Lagos alikuwa anaiona hofu yake mwenyewe kwenye runinga ya sebuleni. Mtu asiyejali kazi yake hawezi kufanya hivyo, hata kama anashuti kwa wiki mbili.

Na kuna jambo ambalo naona wengi tunalipita. Kila muvi kati ya zile 80 ilihitaji mpiga kamera, mtu wa taa, mhariri, waigizaji. Watu hao walitoka seti moja wakaingia nyingine, wakakosea, wakarekebisha mwezi uliofuata. Ripoti ya UNESCO ya 2009 ilionyesha kwamba mwaka 2006 Nigeria ilitoa muvi 872 za video, ya pili kwa idadi nyuma ya India iliyokuwa na 1,091, na Marekani ikiwa na 485. Nigeria isingefika hapo kwa madairekta wa muvi moja kila baada ya miaka mitatu.

Sisi mwaka huo huo wa 2006 tulikuwa na muvi ya Dar 2 Lagos, marehemu Kanumba, mwigizaji wetu wa Bongo, akiwa kinara wake. Kutoka kwa Wanaijeria tulichukua “pati wani” na “pati tu”, uchawi na majumba ya kifahari. Mwendo wa kazi ndio tulioushindwa. Kijana wetu anayeshika kamera mara moja kwa mwaka, tena bila kujua lini ataishika tena, atakomaa lini?

Kwa hiyo wanaosema Chico aliharibu, nijibuni hili: uko Lagos mwaka 1996, una mtaji wa msambazaji, jenereta inanguruma nyuma ya nyumba ya kuazima, na maharamia wanaisubiri kanda yako. Ungefanyaje tofauti? Mliowahi kushuti muvi hapa Bongo muanze kuchangia.