Mamangu ana kemo Alhamisi na njia imefungwa, tungoje au twende?

BintiMalindi (Mei 2020)
Hamjambo jamani. Mie niko Malindi, mamangu ana saratani ya titi, keshapata kemo mbili, yaani dawa kali za saratani za dripu, za ile nyekundu, kila baada ya siku 21, na ya tatu ni Alhamisi huko Mombasa. Sasa tangu zifungwe hizi kaunti kwa ajili ya korona tarehe 8 Aprili kuna kizuizi pale daraja la Mtwapa, matatu ya watu 14 yabeba 8 na nauli ishapanda, halafu kafyu saa moja jioni, dripu ikichelewa tutalala wapi? Shangazi ndo kanichanganya kabisa, asema kemo yaua kinga ya mwili, kumpeleka hospitali saa hizi ni kwenda kumnunulia korona, tungoje upite. Na mama amwitikia manake mwenyewe kachoka, mdomo asema ni kama kalamba msumari, hata chai aitema. Kliniki napiga tangu jana simu haishikwi. Tungoje mpaka lini lakini?

mama_wa_pili
Pole mwaya. Mimi nilimaliza kemo mwaka jana, sasa niko kwa vidonge vya homoni tu, daktari kanipa vya miezi 3 mara moja na kliniki tunafanya kwa simu, dakika kumi basi. Lakini usilinganishe, mimi ni wa kuahirishwa, mamako yuko katikati ya dawa. Kuna jirani yangu alikaa nyumbani kwa kuogopa bila kumwambia mtu, raundi mbili zikampita, aliporudi daktari hakumgombeza ila alinyamaza muda mrefu, akasema tupime upya. Usingoje kimya kimya.

NesiZamuYaUsiku
Shangazi hajakosea kuhusu kinga, kakosea hesabu ya siku. Kinga inashuka zaidi kama siku ya 7 hadi 14 baada ya dripu, hizo ndo za kumfungia ndani, wageni wa kuja kutoa pole wote waishie uani. Siku ya kemo yenyewe damu inakuwa ishapanda, ndo maana wanapima kwanza. Na hicho kipimo si lazima akifanyie Mombasa, apime hapo Malindi siku moja au mbili kabla, matokeo uyatume kwa daktari wasap, kama seli nyeupe za kinga ziko chini atakwambia msisafiri, umeokoa safari. Uliza pia kama atapata sindano ya kupandisha seli nyeupe, wengi wanaitoa zaidi kipindi hiki. Simu isiposhikwa piga swichibodi, namba kuu ya hospitali, uombe wodi, sio kliniki. Kitu kimoja nakuomba, nunua kipimajoto leo. Homa ikifika 38 ni hospitali siku hiyo hiyo hata saa nane usiku, na USIMPE panadol kwanza inaficha homa. Ukifika getini sema "yuko kwenye kemo" kabla hawajakupanga foleni ya korona.

mswahili_wa_Leicester
Huku Uingereza mambo ni hayo hayo, wifi yangu anaenda peke yake, mumewe anamngoja kwenye gari. Ila kuna zuri moja, mionzi ya titi ilikuwa mara 15 wiki tatu, mwezi uliopita yametoka majibu ya utafiti wa wanawake zaidi ya 4,000 waliofuatwa miaka 5, mara 5 kwa wiki moja inafanya kazi ileile, na mahospitali yamedaka hapo hapo. Mama akifika kwenye mionzi muulize daktari kama anafaa, safari 5 sio 15 nyie wa Malindi mtajua tofauti yake. Sio wote lakini.

BintiMalindi
Jamani Mungu awalipe. Nimeomba wodi kama alivyosema nesi, kashika dada mmoja, kumbe namba ya kliniki imebadilishwa. Damu kapima leo asubuhi, daktari kasema twendeni, aingie mtu mmoja tu, na tukiwa pale saa tatu atawekwa wa mwanzo sababu ya kafyu. Barua ya kupitia kizuizi katuma kwa simu. Shangazi kanuna ila kamtengenezea uji wa ndimu wa njiani, huo ndo mama hautemi. Nesi, kipimajoto ni cha kwapani au mdomoni?

NesiZamuYaUsiku
Kwapani sawa, ila mdomoni inasoma juu kidogo, chagua sehemu moja usibadilishe badilishe. Na hiyo barua iprinti, simu huzima chaji Mtwapa.